Waliomba Jimbo, Wakaambiwa Wanataka Nchi

Katika karakana ya fundi mmoja wa Kikalasinga mjini Nakuru, ambako baba yangu alikuwa akipeleka gari lake kutengenezwa, kulikuwa na picha mbili ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya Hekalu la Dhahabu la Amritsar, nami niliipenda kwa sababu lilionekana kama limewekwa juu ya maji. Ya pili ilikuwa ya jengo jeupe lililofumuliwa upande wa mbele, kuba lake limetoboka na kifusi kimejaa uani. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba hiyo ilikuwa picha ya tetemeko la ardhi. Siku nilipopata ujasiri wa kuuliza, mzee aliweka spana chini, akafuta mikono, akaniambia kwamba jengo lile linatazamana na lile hekalu zuri la picha ya kwanza, na kwamba lilibomolewa na vifaru vya jeshi la India. Baada ya hapo alirudi chini ya gari na hakuongeza neno.

Jengo hilo linaitwa Akal Takht, na siku iliyoonekana katika picha ni ya mwezi wa Juni 1984. Tangu wakati huo nimesoma mengi kuhusu Wasikh, watu ambao sisi wa Afrika Mashariki tunawaita Makalasinga au Masingasinga, ambao wengi wao walifika kwetu kujenga reli kuanzia mwaka 1896. Kila niliposoma, nilikutana na simulizi moja fupi inayorudiwa: kwamba Wasikh wa Punjab, eneo la kaskazini-magharibi mwa India, walitaka kujitenga na India, wakachukua silaha, na serikali ikawakomesha. Simulizi hiyo inaanzia mwishoni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, chama kikuu cha Wasikh hakikuomba nchi. Kiliomba jimbo, na kilipopewa jimbo kiliomba jimbo hilo liwe na mamlaka. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu naamini kwamba kuichanganya kuligharimu maelfu ya maisha.

Ni lazima kwanza kufahamu kwa nini siasa ya watu hawa hutokea hekaluni. Mwaka 1606 Guru Arjan, wa tano katika safu ya Maguru kumi, yaani walimu wakuu wa dini ya Wasikh, aliuawa mjini Lahore chini ya utawala wa Wamughal. Mwanawe, Guru Hargobind, alijifunga panga mbili, moja ya mamlaka ya dunia na nyingine ya mamlaka ya roho, kisha akajenga Akal Takht mkabala na hekalu, yaani kiti cha enzi cha Yule Asiyekufa. Hekaluni watu husali; katika Akal Takht huamua mambo ya jamii yao. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, aliunda Khalsa, yaani udugu wa Wasikh waliokula kiapo cha imani yao, huko Anandpur, na miaka mia moja baadaye, mwaka 1799, Ranjit Singh aliuteka mji wa Lahore na kusimamisha dola ya Punjab iliyodumu hadi Waingereza walipoinyakua mwaka 1849. Katika dola hiyo Wasikh walikuwa wachache, na mawaziri wake walikuwa pamoja na Waislamu na Wahindu. Nalitaja hili kwa sababu kumbukumbu ya kuwahi kujitawala haikufutika, hata kwa mkulima aliyezaliwa muda mrefu baada ya dola hiyo kuanguka.

Chini ya Waingereza, mahekalu mengi, yaani gurudwara, yalikuwa mikononi mwa wasimamizi waliokuwa wameyageuza kuwa mali ya familia zao. Mwaka 1920 Wasikh waliunda kamati ya kusimamia gurudwara, inayojulikana kwa kifupi chake SGPC, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo wakaunda Shiromani Akali Dal, kundi la watu wa kujitolea ambalo baadaye lilikuwa chama cha siasa. Mapambano yaliyofuata ni miongoni mwa mapambano ya amani ya kustaajabisha kuliko yote niliyowahi kuyasoma. Mwezi Februari 1921 huko Nankana, mahali alipozaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, msimamizi wa hekalu aliwaua waumini kwa watu wake wa kukodi. Mwaka 1922, mahali panapoitwa Guru ka Bagh, makundi ya Waakali yalikuwa yakiapa mbele ya Akal Takht kwamba hayatainua mkono, kisha yakitembea hadi mbele ya polisi na kupigwa kwa marungu mpaka yakaanguka. Kesho yake kundi lingine likaja. Sheria ya mwaka 1925 iliwapa haki ya kuchagua wasimamizi wa mahekalu yao kwa kura. Hapo ndipo walipojifunza mtindo wa morcha: kuapa hekaluni, kwenda kwa miguu, kukubali kukamatwa, na kujaza magereza mpaka serikali ichoke. Mtindo huo watautumia kwa miaka sitini.

Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili. Wasikh walikuwa takriban asilimia 13 tu ya watu wa jimbo hilo, na hawakuwa wengi katika wilaya hata moja, hivyo mpaka haungeweza kuchorwa bila kuwapasua. Lahore, Nankana na mashamba yenye mifereji ya maji waliyoyalima kwa jasho lao yalibaki Pakistani, na watu wao karibu wote walihamia mashariki katika mauaji ambayo kila upande ulifanya na kufanyiwa. Makhan Singh, ambaye Wakenya tunamkumbuka kwa kuanzisha vyama vya wafanyakazi na kwa kudai uhuru hadharani mwaka 1950, alizaliwa mwaka 1913 katika wilaya ya Gujranwala. Leo hapo ni Pakistani. Mzee wa karakana naye alikuwa na kijiji cha aina hiyo, kilichobaki jina tu.

Viongozi wa Akali, Master Tara Singh akiwa mbele, walikubali kuingia India wakiamini kwamba katika shirikisho jipya watakuwa na mahali pao. Katiba ilipokamilika, wajumbe wa Akali katika Bunge la Katiba, Hukam Singh na Bhupinder Singh Mann, walikataa kutia saini, kwa sababu waliona mamlaka yote makubwa yamelundikwa Delhi. Hawakuondoka bungeni kwenda msituni. Walikataa kutia saini, kisha wakaendelea na siasa. Hukam Singh mwenyewe alikuja kuwa spika wa bunge la India.

Dai lililofuata lilikuwa jepesi kueleweka. Chama cha Congress kilikuwa kimeahidi tangu zamani kwamba majimbo ya India huru yatapangwa kwa lugha. Mwezi Desemba 1952 Potti Sriramulu alikufa kwa kususia chakula akidai jimbo la wasema Kitelugu, na mwaka uliofuata jimbo la Andhra likazaliwa. Mwaka 1956 ramani ya kusini ilichorwa upya kwa lugha, na mwaka 1960 Maharashtra na Gujarat zikatenganishwa. Wasema Kipunjabi walipoomba jimbo lao, Punjabi Suba, waliambiwa kwamba wanaficha dini nyuma ya lugha. Na kwa kweli wengi wa waliolitaka walikuwa Wasikh, ambao katika jimbo jipya wangekuwa wengi. Lakini kwa nini lugha ilikuwa imegeuka kuwa ya dini moja? Hapa kuna jambo ambalo mimi, kama mtu anayeishi kwa Kiswahili, limenigusa kuliko mengine yote katika historia hii. Wakati wa sensa, vyama na jumuiya za Kihindu ziliwahimiza Wahindu wa Punjab waandikishe Kihindi kuwa lugha yao ya mama, na wengi walifanya hivyo. Watu waliobembelezwa na mama zao kwa Kipunjabi, wanaogombana sokoni kwa Kipunjabi na kulia msibani kwa Kipunjabi, walisimama mbele ya karani wa sensa na kuikana lugha hiyo ili majirani zao wasipate jimbo. Sijui jeraha la lugha lililo kubwa zaidi ya hilo.

Mwaka 1955 serikali ya jimbo ilipiga marufuku hata kauli za kuunga mkono Punjabi Suba, na maelfu wakakamatwa kwa kuzitamka tu. Tarehe 4 Julai mwaka huo polisi waliingia katika eneo la Hekalu la Dhahabu. Baadaye waziri kiongozi wa jimbo, Bhim Sen Sachar, alikwenda hekaluni kuomba radhi. Naomba msomaji aliweke akilini tukio hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtawala wa India aliweza kukosea mahali pale, akajua kwamba amekosea, na akaenda mwenyewe kusema hivyo.

Tarehe 15 Agosti 1961 Master Tara Singh, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, alianza kususia chakula hadi kufa au jimbo lipatikane. Baada ya siku 48 alikula, na jimbo halikupatikana. Jamii yake haikumsamehe kwa urahisi: watu watano walioteuliwa kumhukumu walimkuta na hatia ya kuvunja kiapo alichokula, na miongoni mwa adhabu walizompa ni kusafisha viatu vya waumini kwa siku tano. Kiongozi mkubwa kuliko wote wa Wasikh aliketi mlangoni akipangusa viatu vya watu. Uongozi ulihamia kwa Sant Fateh Singh, mtu wa kijijini, ambaye alisisitiza kwamba hoja ni lugha na si hesabu ya dini. Vita vya mwaka 1965 kati ya India na Pakistani vilipiganwa katika ardhi ya Punjab, wanakijiji wakiwapelekea askari chakula mstari wa mbele, na baada ya hapo ikawa vigumu kuendelea kusema kwamba watu hawa si waaminifu. Tarehe 1 Novemba 1966 Punjab ya wasema Kipunjabi ilizaliwa, Haryana ikatengwa, na maeneo ya milimani yakaunganishwa na Himachal Pradesh.

Laiti jambo lingeishia hapo. Sheria iliyounda jimbo iliacha ndani yake mbegu tatu za ugomvi. Mji wa Chandigarh, uliojengwa kuwa makao makuu ya Punjab baada ya kuipoteza Lahore, uliwekwa chini ya serikali kuu na kufanywa makao makuu ya majimbo mawili. Vijiji kadhaa vya wasema Kipunjabi viliachwa nje ya mpaka, kwa kuwa waliogawa walifuata sensa ile ile ya kukana lugha. Na usimamizi wa mabwawa ya mito ulibaki mikononi mwa Delhi. Mwaka 1969 Darshan Singh Pheruman alikufa baada ya kususia chakula kwa siku 74 akidai Chandigarh. Mwezi Januari 1970 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliamua kwamba Punjab ipewe mji huo, lakini haikupewa.

La maji ndilo la kuelewa vizuri kuliko yote, kwa sababu Punjab, kama jina lake la maji matano linavyosema, ni mito. Mkataba wa mwaka 1981, uliotiwa saini Delhi na mawaziri viongozi wa Punjab, Haryana na Rajasthan, wote wakiwa wa chama cha Congress, ulihesabu maji ya ziada ya mito ya Ravi na Beas kuwa ekari-futi milioni 17.17, ekari-futi moja ikiwa ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja. Punjab ilipewa milioni 4.22, Haryana milioni 3.50, na Rajasthan, jimbo ambalo mito hiyo haipiti kabisa, milioni 8.60. Kwa mkulima wa ngano na mpunga aliyekuwa anachimba kisima kirefu zaidi kila baada ya misimu michache, hiyo haikuwa hesabu ya karatasini. Alikuwa akilisha taifa zima kwa ngano yake, na mto uliopita kijijini kwake ulikuwa unapangiwa mahali pengine.

Mwezi Oktoba 1973, huko Anandpur, Akali Dal ilikuwa imepitisha azimio ambalo lilikuja kuwa maarufu na kulaumiwa sana. Azimio la Anandpur Sahib liliomba kwamba serikali kuu ibaki na mambo machache, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, sarafu na mawasiliano, na mengine yote yawe ya majimbo. Liliomba hayo kwa majimbo yote ya India, si kwa Punjab peke yake. Serikali ya Tamil Nadu ilikuwa imetaka jambo linalofanana na hilo kabla yake, na ile ya Bengali Magharibi ililitaka baadaye. Hakuna aliyepeleka vifaru Madras wala Calcutta, miji mikuu ya majimbo hayo. Nakubali kwamba azimio lilikuwa na maneno ya kidini kuhusu ukuu wa Khalsa ambayo mtu mwenye hofu angeweza kuyasoma vibaya, na nadhani walioliandika walikosea kuyachanganya na hoja ya katiba. Hata hivyo, kuliita azimio la kujitenga ni kulisingizia. Wakenya wa rika la wazazi wangu wanajua jinsi neno majimbo lilivyoweza kumfanya mtu aonekane msaliti kabla hajamaliza sentensi.

Tarehe 8 Aprili 1982 Indira Gandhi alifika kijiji cha Kapuri kuzindua mfereji wa kupeleka maji Haryana, na mwezi Agosti Akali Dal chini ya Harchand Singh Longowal ilianzisha Dharam Yudh Morcha, yaani morcha ya vita vya haki. Makumi ya maelfu walijitoa kukamatwa, kwa mtindo ule ule wa babu zao. Lakini safari hii kulikuwa na mtu mwingine hekaluni. Jarnail Singh Bhindranwale, mhubiri aliyepata umaarufu baada ya Wasikh 13 kuuawa mjini Amritsar tarehe 13 Aprili 1978 katika mapigano na Wanirankari, kundi la kidini ambalo Wasikh wengi waliliona la wapotofu, aliwavuta vijana waliochoshwa na mazungumzo yasiyozaa kitu. Watu wake walikuwa na bunduki. Mwezi Aprili 1983 ofisa wa polisi A. S. Atwal, Msikh, alipigwa risasi akitoka kusali, mlangoni mwa hekalu lenyewe. Baadaye mwaka huo abiria Wahindu walishushwa kwenye basi na kuuawa kwa sababu ya dini yao. Siwezi kuandika juu ya haki za Wasikh na kuyapita hayo kimya. Walioijaza Akal Takht silaha waliikosea Akal Takht.

Lakini serikali ilikuwa na miaka miwili ya kuzungumza na Longowal, na ikaitumia kusogeza mbele kila makubaliano yalipokaribia. Ilipoamua kuingia kijeshi, ilichagua siku za kumbukumbu ya kifo cha Guru Arjan, ambapo mahujaji walikuwa wamejaa. Tarehe 6 Juni 1984 vifaru viliipiga Akal Takht. Taarifa rasmi ilitaja askari 83 na watu wengine 493 waliokufa. Makadirio mengine ni ya maelfu. Maktaba ya hekalu iliyohifadhi maandiko ya kale iliteketea. Tarehe 31 Oktoba Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wawili Wasikh, na katika siku zilizofuata Wasikh 2,733, kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliuawa mjini Delhi, wengi wakichomwa moto wakiwa hai, huku polisi wakitazama. Waziri Mkuu Manmohan Singh aliomba radhi bungeni mwaka 2005. Ilikuwa imepita miaka 21.

Hata baada ya hayo yote mlango haukufungwa. Tarehe 24 Julai 1985 Rajiv Gandhi, mwana wa Indira aliyemrithi kuwa Waziri Mkuu, na Longowal walitia saini mapatano: Chandigarh ingekabidhiwa Punjab tarehe 26 Januari 1986, suala la maji lingepelekwa kwa baraza maalumu la kulitolea uamuzi, na Azimio la Anandpur lingepelekwa kwa tume iliyokuwa ikichunguza uhusiano wa serikali kuu na majimbo. Kwa maneno mengine, serikali ilikiri kwa saini kwamba azimio lilikuwa hoja ya katiba inayojadilika. Tarehe 20 Agosti Longowal aliuawa kwa risasi na Wasikh wenzake waliomwona msaliti. Watu wa Punjab walijibu kwa kwenda kupiga kura mwezi Septemba na kuipa Akali Dal ushindi. Kisha tarehe 26 Januari 1986 ikafika, na Chandigarh haikukabidhiwa. Siku hiyo hiyo vijana waliokusanyika Amritsar waliamua kuibomoa Akal Takht iliyojengwa upya na serikali, ili waijenge kwa mikono yao. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Aprili, kamati iliyotokana na mkutano huo ilitangaza Khalistan, nchi huru ya Wasikh.

Nimeziangalia tarehe hizo mara nyingi. Wapo waliokuwa wakisema Khalistan tangu mapema, hasa ughaibuni, na mwezi Juni 1985 bomu katika ndege ya Air India lilikuwa limeua watu 329, uhalifu ambao haufutwi na dhuluma yoyote. Lakini ndani ya Punjab, neno hilo lilipata askari baada ya mapatano kuvunjwa, si kabla. Miaka iliyofuata watu zaidi ya 20,000 walikufa. Wenye silaha waliua wanakijiji, wengi wao Wasikh wenzao. Polisi waliwakamata vijana usiku na hawakuwarudisha. Jaswant Singh Khalra, mfanyakazi wa benki, alikwenda kwenye sehemu za kuchomea maiti za wilaya ya Amritsar na kusoma daftari za kuni zilizonunuliwa kwa ajili ya maiti waliosemekana hawana ndugu. Mwezi Septemba 1995 yeye mwenyewe alichukuliwa nje ya nyumba yake. Uchunguzi ulioamriwa na mahakama kuu ya nchi ulithibitisha maiti 2,097 zilizochomwa kinyume cha sheria, na polisi waliomuua Khalra walitiwa hatiani mwaka 2005, miaka kumi baada ya kutoweka kwake.

Chandigarh ingali makao makuu ya majimbo mawili, na mabunge ya Punjab na Haryana yanakutana katika jengo moja. Mfereji uliozinduliwa Kapuri haujapitisha maji. Mwaka 1990 wahandisi wake wawili wakuu waliuawa ofisini na ujenzi ukasimama upande wa Punjab. Mwaka 2004 bunge la jimbo lilifuta mikataba ya maji, na mwaka 2016 mahakama kuu ya nchi ikasema halikuwa na uwezo huo. Mwezi Machi mwaka huo, kabla ya hukumu, wakulima waliingia na matingatinga katika ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa wazazi wao zaidi ya miaka thelathini nyuma, na wakaanza kuufukia mfereji kwa udongo.